Tiba ya kukatika pumzi usingizini isiachwe kabatini

Kukoroma, katika jamii zetu nyingi, ni mzaha. Anayekoroma hutaniwa na mkewe, na wanawe, na majirani wa chumba cha pili, naye hucheka pamoja nao, na kufikia asubuhi habari huwa imekwisha. Ni nadra mtu kuuliza kwa nini mlio ule hukatika ghafla, kukawa kimya kwa nusu dakika hivi, kisha aliyelala akashtuka kwa kishindo kama mtu aliyezamishwa majini akaibuliwa. Kimya hicho ndicho kinachostahili kuogopwa, wala si mlio.

Wataalamu wa tiba huyaita maradhi haya apnea ya usingizi, yaani kukatika pumzi mtu akiwa amelala. Tunapolala misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu hulegea kiasi cha kuiziba njia ya hewa, ilhali kifua kingali kinajitahidi kuvuta. Oksijeni katika damu hushuka, ubongo huamka kidogo, koo hufunguka, na usingizi huanza upya pasipo mwenyewe kukumbuka lolote. Pumzi ikikatika au ikipungua mno kwa sekunde 10 au zaidi, hilo huhesabiwa kuwa tukio moja. Mwenye matukio 5 hadi 15 kwa saa ana maradhi madogo. 15 hadi 30, ya wastani. Akizidi 30, ni makali. Mwanafunzi wa hesabu na azidishe 30 kwa saa 7 za usingizi, apate 210. Mtu aliyekatizwa usingizi mara 210 usiku atakuwa katika hali gani ifikapo saa nane mchana, akiwa darasani, jua la Isiolo likiwaka juu ya mabati?

Hapo ndipo lawama huzuka. Mwalimu anayesinzia juu ya madaftari husemekana kuwa mlevi au mvivu, na pengine hufikia kuandikiwa barua. Dereva wa lori katika barabara ndefu ya Isiolo hadi Moyale, yapata kilomita 500, hapati hata barua. Husinzia mara moja tu na habari zake husomwa gazetini. Tafiti za nchi za nje zimeonyesha kuwa dereva mwenye maradhi haya asiyetibiwa ana hatari ya ajali maradufu au zaidi kuliko mwenzake. Fauka ya hayo, maradhi haya huandamana na shinikizo la damu na magonjwa ya moyo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalisema kwamba watu milioni 936 wa umri wa miaka 30 hadi 69 duniani wanayo, kwa viwango mbalimbali. Wala si wanene pekee. Umbo la taya na upana wa koo huweza kumtia mtu mwembamba katika orodha hiyo hiyo.

Walimu wa fasihi watakumbuka kwamba Charles Dickens, katika riwaya yake The Pickwick Papers ya miaka ya 1836 na 1837, alimchora kijana mnene aitwaye Joe ambaye usingizi ulimchukua hata akiwa amesimama mlangoni. Madaktari wa Marekani waliliazima jina la kitabu hicho mwaka 1956 walipokuwa wakieleza maradhi ya namna hii. Hata hivyo, hadi mwisho wa miaka ya 1970, tiba ya uhakika kwa waliozidiwa ilikuwa kutoboa koo. Mwaka 1980 daktari Colin Sullivan, mjini Sydney, Australia, alisukuma hewa kwa mashine kupitia mpira hadi puani mwa mgonjwa aliyelala, na koo likabaki wazi. Alichapisha matokeo mwaka uliofuata katika jarida la The Lancet. Hewa hiyo si oksijeni ya hospitali wala haina dawa ndani yake. Ni hewa ya kawaida ya chumbani, inayosukumwa kwa shinikizo la kutosha kuzuia koo lisijifunge. Mashine hiyo ndiyo hujulikana leo kwa jina la CPAP.

Nimeyapitia haya haraka ili nifike kwenye hoja yangu. Mashine hii haiponyi. Hufanya kazi inapovaliwa; usiku isipovaliwa koo hujifunga kama zamani. Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliowahusu watu zaidi ya 2,700 waliokuwa tayari na maradhi ya moyo au ya mishipa ya damu ya ubongo. Mashine iliwapunguzia usingizi wa mchana na kuwachangamsha nyoyo, lakini haikuwapunguzia mashambulio ya moyo wala kiharusi. Wapo waliokimbilia kusema kwamba basi tiba hii haina maana. Waliosoma hadi mwisho waliona kwamba wastani wa matumizi ulikuwa saa 3.3 tu kwa usiku. Sidai kwamba saa nyingi zaidi zingebadili kila kitu. Nasema tu kwamba dozi iliyomezwa nusu haiwezi kutumiwa kuishutumu dozi nzima.

Kwa nini basi watu huiacha? Ushauri mwingi utolewao Nairobi humdhania mgonjwa mwenye umeme usiokatika, maji safi ya chupa na duka la vipuri mtaani. Mimi hupenda kuupima ushauri huo kwa kuifikiria Leparua, katika Kaunti ya Isiolo, pale inapopakana na hifadhi ya Lewa. Hii ni nchi ya wafugaji, yenye kiangazi kirefu na vumbi jingi. Kutoka mji wa Isiolo hadi Nairobi, ambako ndiko vipimo vya usingizi hupatikana kwa urahisi zaidi, ni karibu kilomita 300. Mwalimu aliyekabidhiwa mashine huko na kurudi nayo kituoni, akishindwa usiku wa tatu hana wa kumwendea. Huifunga katika mfuko wake na kuiweka kabatini. Ushauri usioweza kumfaa mwalimu huyo si kamili.

Tuanze na majuma ya kwanza, kwa kuwa hayo ndiyo huamua. Haifai kuivaa barakoa kwa mara ya kwanza usiku, mtu akiwa amechoka na mwenye wasiwasi. Avae barakoa peke yake jioni, bila mashine, akisahihisha madaftari au akisikiliza taarifa ya habari. Siku ya pili aunganishe mpira na kuruhusu hewa ipite, angali ameketi. Siku ya tatu ajaribu usingizi mfupi wa mchana. Mashine nyingi zina kitufe cha kuanza na shinikizo dogo ambalo hupanda polepole mtu akisinzia. Kitufe hicho kimewekwa kwa ajili ya wanaohisi kwamba upepo unawakaba. Baada ya hapo mashine na itumike kila usingizi, hata ule wa baada ya chakula cha mchana siku ya Jumapili. Mimi mwenyewe hulala na mashine hii, na ninajua kishawishi cha saa tisa za usiku cha kuivua na kusema kwamba zilizotangulia zinatosha. Hazitoshi. Usingizi wa ndoto huwa mwingi zaidi kuelekea alfajiri, na aghalabu huo ndio ambao koo hulegea kuliko mwingine wowote. Anayeivua saa tisa huikosa tiba wakati anapoihitaji mno.

Kuhusu barakoa, wengi huikaza kamba mpaka alama zikabaki shavuni, wakidhani hivyo ndivyo hewa itakavyozuiwa kuvuja. Mara nyingi hali huwa kinyume. Ukingo laini wa barakoa hujazwa na hewa ili ukae usoni, na ukikazwa mno hukunjana na kuvuja zaidi. Barakoa irekebishwe mtu akiwa amelala ubavu na mashine ikiwaka, kwa sababu uso wa aliyelala si sawa na uso wa aliyesimama mbele ya kioo. Uso uoshwe kwanza. Mafuta tunayojipaka huteleza na kuuharibu ukingo. Mwenye ndevu nyingi huenda akafaulu zaidi kwa barakoa ndogo ya matundu ya pua. Anayeamka na kinywa kikavu kama jivu yamkini huachama usingizini, hewa ikatokea mdomoni. Yeye ahitaji barakoa ya pua na mdomo pamoja, au kitambaa cha kulishikilia taya. Macho mekundu asubuhi ni dalili ya hewa inayovuja kuelekea juu. Mambo haya ni madogo mno kuandikwa katika cheti cha daktari, nayo ndiyo huirudisha mashine kabatini.

Pua iliyoziba haiwezi kupokea hewa. Maji ya chumvi ya kuoshea pua, yaliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, huwasaidia wengi kabla ya kulala. Lakini katika nchi kavu, adui mkubwa ni vumbi. Mashine huvuta hewa ya chumba ilivyo: ikiwa chumbani mna moshi wa jiko, moshi huo nao husukumwa mapafuni. Chujio lililoandikiwa kudumu mwezi mmoja huenda likawa jeusi kwa siku kumi wakati wa kiangazi. Litazamwe kila Jumamosi. Lililo la kufuliwa lifuliwe na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. La kutupwa litupwe, na mgonjwa awe na akiba ya machujio ya miezi kadhaa kabla ya kuondoka Nairobi. Mashine iwekwe juu ya kigoda, isiwekwe sakafuni, wala isiwe juu kuliko kichwa, maana matone ya mvuke yatateremka ndani ya mpira hadi usoni. Barakoa ioshwe kila siku kwa sabuni isiyo kali, mpira kila wiki, vyote vikaukie kivulini.

Chombo cha unyevu huhitaji maji yaliyokenekwa. Yasipopatikana, yachemshwe na kupozwa, huku tukijua kwamba kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi wala chokaa. Yeyote aliyetazama ndani ya birika la chai analijua hilo. Maji ya visima vya kaskazini aghalabu huwa na chumvi, hivyo chombo kisuguliwe kwa siki kidogo mara kwa mara kisha kisuuzwe vyema. Maji ya jana yamwagwe.

Sasa umeme, ambao kwangu ndio mzizi wa jambo lote mahali kama Leparua. Wengi hudhani kwamba mashine hii haiwezi kutumia nishati ya jua. Tupige hesabu. Chombo cha unyevu kikizimwa, mashine ya kawaida hutumia takriban wati 10 hadi 20. Tuchukue 15. Kwa saa 8 ni wati-saa 120, ambazo kwa betri ya volti 12 ni ampea-saa 10. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kutumiwa kupita nusu yake, kwa hiyo ina ampea-saa 50 za kutumika, na tukiondoa kinachopotea njiani, tuseme usiku nne hata mawingu yakitanda. Paneli ya wati 50 hurudisha matumizi ya usiku mmoja kabla ya alasiri. Lakini kikiwashwa kipasha-maji cha unyevu pamoja na mpira wenye joto, matumizi huweza kufika wati 60, na betri ile ile haitaumaliza usiku wa pili. Siri yote, kwa anayetumia jua, ni kuzima joto la unyevu. Pua ikilalamika, maji ya chumvi yatasaidia.

Pana mengine mawili juu ya betri. Inafaa kununua waya maalumu wa mashine hiyo unaopokea umeme wa betri moja kwa moja, kuliko kugeuza volti 12 kuwa 240 na mashine kuzirudisha tena chini. Umeme mwingi hupotea katika safari hiyo. Volti zitakiwazo huandikwa chini ya mashine, na si zote ni 12, kwa hiyo mtu asijiungie nyaya mwenyewe. La pili si la kiufundi. Betri ya mwalimu, katika kijiji kisicho na umeme wa gridi, huwa betri ya wote: simu za wazazi, redio ya jirani, taa ya mtoto anayejiandaa kwa mtihani. Simlaumu yeyote. Bora tu ieleweke nyumbani kwamba betri fulani ni ya dawa, nayo haichajiwi simu kama vile vidonge vya mgonjwa visivyogawiwa wageni. Umeme ukikatika usiku, alale ubavu na kuinua kichwa; kwa wengi koo hujifunga zaidi wanapolala chali. Wapo wanaoshona mfuko mgongoni mwa fulana na kutia mpira mdogo wa tenisi, wasiweze kugeuka chali.

Mashine huweka kumbukumbu. Kila asubuhi kioo chake huonyesha saa zilizotumika, kiasi cha hewa iliyovuja na matukio yaliyosalia kwa saa. Lengo ni matukio yawe chini ya 5. Yakizidi usiku mmoja si hoja. Yakizidi juma zima, daktari aarifiwe, kwa kuwa shinikizo huenda likahitaji kubadilishwa. Hali kadhalika mtu anayepungua au kuongezeka uzito sana apimwe tena. Pombe jioni hulilegeza koo, na dawa za usingizi zisimezwe bila daktari kujua. Miraa nayo ni habari ya pekee. Isiolo ni jirani wa milima ya Nyambene na majani hufika sokoni yangali mabichi, hata imekuwa kawaida anayesinzia mchana kushauriwa atafune. Miraa huuficha usingizi wa mchana na kuufukuza wa usiku, na anayeitafuna apate kuendesha gari huwa bado hajalala. Kuhusu uzito, mnamo Desemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya sindano iitwayo tirzepatide kwa watu wanene wenye maradhi haya. Ni habari njema, ingawa kwa mshahara wa mwalimu bado ni habari ya mbali.

Bei za mashine mpya zimewafanya wengi watumiwe kuukuu na jamaa walio Uingereza au Marekani. Hilo ni jema, kwa tahadhari. Juni 2021 kampuni ya Philips iliziita zirudishwe mamilioni ya mashine zake duniani kote, baada ya kubainika kwamba sifongo ya kupunguza kelele iliyomo ndani huweza kumomonyoka na chembe zake kuvutwa na mgonjwa. Miongoni mwazo zilikuwamo DreamStation za awali zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa Aprili mwaka huo. Jina na nambari ya mashine viangaliwe kabla haijapanda ndege. Isisafishwe kwa vifaa vya ozoni. Barakoa, mpira na chujio viwe vipya, na shinikizo lipangwe upya na mtaalamu, maana lililomo lilipimwa kwa koo la mtu mwingine.

Nigeukie wanafunzi. Mtoto mwenye maradhi haya mara nyingi hasinzii. Huwa mtukutu, hatulii, hasikilizi, na taarifa yake ya mwisho wa muhula humwita mzembe. Usiku hupumua kwa mdomo, hulala shingo ikiwa imepinda nyuma, hutokwa jasho, pengine hukojoa kitandani akiwa na umri ambao wenzake wameacha. Kwa watoto sababu kubwa ni mafindofindo yaliyovimba pamoja na tezi zilizo nyuma ya pua, na tiba ya kwanza huwa ni upasuaji wa kuyaondoa, si mashine. Kwa hiyo mtoto huyo apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Katika shule za bweni shahidi bora ni mwenzake wa kitanda cha juu. Badala ya kumcheka, na ahesabu sekunde za kile kimya, kisha amweleze mwangalizi wa bweni. Ushahidi huo wa mtoto mwenye saa ya mkononi humsaidia daktari kuliko maelezo mengi ya mzazi aliye mbali.

Wanaotoa mashine hizi, ziwe hospitali au maduka, hawana budi kumpigia mgonjwa simu katika juma la kwanza, na tena mwezi ukiisha, kwa sababu mazoea ya siku chache za mwanzo ndiyo hudumu. Hospitali ya kaunti iwe na muuguzi mmoja aliyefunzwa kurekebisha barakoa na kusoma kadi ya kumbukumbu, ili mtu asisafiri hadi Nairobi kwa sababu ya kamba. Mgonjwa naye, akilazwa kwa upasuaji wowote, amwambie daktari wa nusukaputi na aende na mashine yake.

Kwa walimu wakuu ombi langu ni la majuma sita. Mwalimu aliyeanza tiba hii apewe vipindi vya asubuhi badala ya vile vya saa nane, aondolewe zamu ya usiku bwenini, na, pale ambapo shule ina umeme na nyumba yake haina, aruhusiwe kuchaji betri katika chumba cha walimu bila kuulizwa maswali mbele ya wenzake.